Usiku Nane, Si Arobaini na Nane

Nilipofika kiwandani mara ya kwanza nilikuta hukumu imeshatolewa. Ilibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya meneja uzalishaji: karatasi moja, safu mbili, zamu ya mchana na zamu ya usiku, na chini ya kila safu wastani wa unyevu wa chai kwa mwezi uliopita. Mchana asilimia 3.1. Usiku asilimia 4.4. Hiyo 4.4 ilizungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, na pembeni mtu ameandika "POSHO?"

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Kipo Nyanda za Juu Kusini, kwenye ukungu na baridi ya kweli, na watu wake walinipokea vizuri. Naandika habari hii kwa sababu tangu nimalize chuo nimeulizwa swali lile lile harusini, msibani na kwenye daladala: "Mtakwimu? Kwa hiyo ni watu wa sensa?" Sensa ni kazi kubwa na wengi wa darasa langu wamo humo. Mimi nimeangukia viwandani, na huko mtakwimu akifanya kazi peke yake hafiki mbali. Kwa hiyo acha nieleze jinsi watakwimu wanne, watatu kati yao wakiwa mamia ya kilometa kutoka kwenye mashine, tulivyohangaika na chai yenye maji.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kiwanda cha chai: jani bichi linafika likiwa karibu robo tatu maji, au zaidi. Linanyaushwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa kwa chini, linapita kwenye rola zenye meno linakatwa na kupondwa, linaachwa lichache hadi libadilike rangi kutoka kijani kuwa kama shaba, kisha linaingia kwenye draya, yaani mashine ya kukaushia. Kutoka humo linatoka jeusi, limebaki na maji kidogo sana, kama asilimia 3. Kilo nne hadi tano za jani bichi zinakupa kilo moja ya chai. Ikitoka imekauka kupita kiasi inanuka moto na umepoteza uzito. Ikitoka na maji mengi, inakaa kwenye gunia, inasafiri hadi mnada wa Mombasa, na huko njiani inalala, ladha inakufa, na mnunuzi akiifungua anajua. Kila asilimia moja ya maji katika tani moja ni kilo 10 za maji ambazo hakuna aliyekubali kuzinunua. Mnunuzi mmoja alikuwa ameshalalamika. Ndipo nikaitwa.

Nikiwa mkweli, sikuitwa kutafuta. Niliitwa kuthibitisha. Meneja alitaka mtu wa takwimu aandike kwamba zamu ya usiku inalala kazini, ili posho ya watu wa draya ikatwe kwa ushahidi. Alinipa kitabu cha kumbukumbu cha maabara, cha miaka mitatu, kurasa zimekuwa kahawia kwa vumbi la chai. Nikazipiga picha zote kwa simu nikazituma kwa kijana wetu wa Dar.

Huyu kijana ndiye wa kwanza katika wanne. Ana akili ya kompyuta ambayo mimi sina. Mpe data iliyochafuka jioni, asubuhi unaipata imeoshwa na kupigwa pasi. Ndani ya siku nne alikuwa ameingiza kurasa zote na kuunda modeli ya kutabiri unyevu. Ilitabiri vizuri ajabu. Alipoiuliza ni kigezo kipi kina nguvu kuliko vyote, ikajibu: zamu. Meneja aliposikia, uso ulimng'aa. Na mimi nikaogopa, kwa sababu modeli ilikuwa imesema kwa sauti ya kisomi kile kile kilichoandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu. Modeli haikukosea, usiku namba zilikuwa kubwa kweli. Ila kujua kwamba namba za usiku ni kubwa na kujua kwa nini ni kubwa ni mambo mawili, na kati yake kuna posho za watu wenye watoto shuleni.

Usiku huo nilimpigia Mwalimu. Alinifundisha shahada ya kwanza, sasa amestaafu, anafuga kuku Morogoro na bado anasoma majarida. Sikumaliza kueleza. Akaniuliza, "Umechora?" Nikamwambia tuna wastani, tuna modeli, tuna kila kitu. "Nakuuliza umechora? Vipimo kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa saa vilivyotokea. Chora kwanza, mwanangu, halafu ndiyo tuongee."

Ni mambo yake ya siku zote. Darasani alikuwa akitueleza habari ya tarehe 16 Mei 1924, siku ambayo Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu huko Marekani, alimpelekea mkuu wake barua ya kama ukurasa mmoja, na kama theluthi ya ukurasa huo ni mchoro: nukta zimepangwa kwa wakati, mstari wa juu, mstari wa chini. Chati za udhibiti zinazotumika viwandani dunia nzima zimetoka kwenye karatasi hiyo. Shewhart alikuwa anatenganisha mtikisiko wa kawaida, ule unaotokana na mfumo wenyewe ulivyo, na mtikisiko wenye sababu yake maalumu unayoweza kwenda kuikamata. Ukimwadhibu mtu kwa mtikisiko wa mfumo, utakuwa umemdhulumu na tatizo litabaki pale pale.

Nikachora. Namba za mchana zilitembea pamoja, zimeshikana. Za usiku zilikuwa zinaanza vizuri saa moja jioni, kisha zinapanda pole pole, zinafika juu kabisa kati ya saa sita na saa tisa, halafu, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti, zinaanza kushuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Bechi ya saa kumi na moja alfajiri ilikuwa karibu sawa na za mchana. Mtu anayelala kazini hakaushi vizuri saa kumi na moja alfajiri.

Niliutuma mchoro kwenye kundi letu la WhatsApp. Wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu wa Nairobi, tuliyesoma naye shahada ya pili, ambaye ameshafanya kazi na viwanda vya maziwa, sabuni na rangi. Hakuandika, alinirekodia sauti: "Hebu niambie, hiyo sampuli umeiona na macho yako ikitolewa, ama unasoma tu kitabu?"

Nilikuwa nasoma tu kitabu. Siku sita nilikuwa hapo kiwandani na nilikuwa nalala nyumba ya wageni kuanzia saa tatu usiku.

Kesho yake nikavaa makoti mawili nikabaki. Kiwanda cha chai usiku kina uzuri wake: taa za njano, sauti ya rola, harufu ya jani linalochacha, kama tofaa lililokatwa likaachwa. Vumbi jepesi linakaa kwenye kope. Saa nane usiku nikamwona kijana wa draya akichota chai kwenye bakuli la plastiki la bluu, viganja kama viwili hivi. Akaandika namba ya bechi kwenye kipande cha karatasi. Akatoka nje ya jengo, akavuka uwanja wenye ukungu, nami nyuma yake, hadi maabara. Maabara imefungwa. Dada wa maabara anaondoka saa kumi na mbili jioni na kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Kijana akaweka bakuli dirishani, kwa nje, juu ya kile kipande cha karatasi ili kisipeperuke. Pale dirishani palikuwa na mabakuli mengine matano yamepangwa mstari. Hakuna hata moja lenye kifuniko.

Nikaingiza kidole kwenye bakuli la mwanzo, la saa mbili. Chai ilikuwa laini. Haikuvunjika.

Chai kavu inafyonza unyevu kama sifongo. Kila mtu wa kiwandani anajua hilo. Ndiyo maana magunia yana karatasi ya ndani. Lakini hakuna aliyekuwa ameunganisha ujuzi huo na yale mabakuli, kwa sababu wa draya hakuwahi kuuona mtambo wa kupimia, na wa maabara hakuwahi kuiona saa nane usiku. Bechi ya saa kumi na moja alfajiri ilikuwa "nzuri" kwa sababu ilikaa nje saa moja tu. Ya saa mbili jioni ilipimwa mapema kidogo, kabla dada hajaondoka ikiwa siku hiyo amechelewa. Zile za katikati ndizo zilikunywa ukungu usiku kucha.

Tulifanya jaribio dogo kabla sijamwambia mtu yeyote. Sampuli moja, nikaigawa mara mbili. Nusu kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko kinachobana, nusu kwenye bakuli la bluu, vyote dirishani, saa sita. Asubuhi dada wa maabara akachoma gramu 5 za kila moja kwenye mashine yake ya taa, inayokausha chai na kuonyesha maji yaliyokuwamo. Kopo 3.0. Bakuli 5.2. Tukarudia usiku uliofuata na uliofuata tena, tukiwa naye, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyegawa. Kijana wa Dar akarudi kwenye kitabu cha miaka mitatu, maana kwa bahati nzuri ukurasa una saa ya kuchota na saa ya kupima, na akaweka tofauti ya saa hizo kwenye modeli yake. Kigezo cha zamu kikayeyuka karibu chote. Alinipigia simu sauti ikitetemeka kidogo. Alisema, "Dada, nilikuwa karibu nimfukuzishe mtu kazi."

Nadhani wengine wangeishia hapo. Makopo yakanunuliwa, meneja akabandua karatasi yake mwenyewe, kwa mkono wake, nami namheshimu kwa hilo. Lakini dada wa Nairobi hakuridhika. Alitaka kujua tofauti zilizobaki zinakaa wapi, akatupangia utaratibu: kila bechi ichotwe makopo mawili, kila kopo lipimwe mara mbili. Ukifanya hivyo unaweza kugawanya mtawanyiko wote kama unavyogawa nyama: kiasi gani kinatoka kwenye mashine ya kupimia, kiasi gani kwenye uchotaji, kiasi gani kwenye bechi yenyewe. Mashine ya kupimia ilikuwa nzuri. Makopo mawili ya bechi moja yalikubaliana. Kilichobaki, karibu chote, kilikuwa cha bechi na bechi, na cha usiku mmoja na usiku mwingine. Usiku wastani sasa ulikuwa 3.4, lakini ndani yake kulikuwa na usiku wa 2.9 na usiku wa zaidi ya 4. Kwa hiyo mnunuzi naye hakuwa ameota. Kulikuwa na tatizo la kweli chini ya lile la uongo.

Hapa ndipo Mwalimu alipoanza tena habari za mtu wake, William Sealy Gosset. Nimeisikia labda mara 20 na bado naipenda. Kijana aliyesoma kemia na hisabati Oxford, akaajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Maswali yake yalikuwa ya shayiri na hopsi, na vipimo vyake vilikuwa vichache, vinne, vitano, kwa sababu kila kipimo ni gharama. Hesabu zilizokuwapo wakati ule zilimdhania mtu ana mamia. Mwaka 1906 kampuni ikampa ruhusa ya kwenda London kukaa na mtakwimu Karl Pearson, na 1908 akachapisha katika jarida la Biometrika makala iliyozaa kile tunachokifundisha leo kama t ya Student, hesabu inayofaa vipimo vichache. Student ni yeye. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Alibaki Guinness mpaka alipofariki 1937, akiandikiana barua na mtakwimu mwingine, Ronald Fisher, kwa miaka mingi, wakibishana na kusahihishana.

Mwalimu haisemi hadithi hiyo kwa ajili ya hesabu. Anataka kusema kwamba Gosset alijua shayiri. Alikwenda mashambani, alizungumza na wapikaji bia. "Wewe umeshazungumza na nani usiku?" akaniuliza. Nikajibu, na watu wa draya. "Na draya inapata joto kutoka wapi?"

Boila. Sikuwahi kwenda kwenye boila. Iko nyuma, nje ya jengo kuu, na kwenye mchoro wa mtiririko wa uzalishaji nilioupewa ilikuwa kiboksi kidogo pembeni kilichoandikwa "mvuke".

Mzee wa boila amechochea moto hapo tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba kisha akaniongezea "kamwene", kama kunipima kama ni mtu wa huko. Siyo, lakini nilijua kuitikia, na tukawa marafiki. Nilikaa naye kwenye benchi la gogo usiku mbili bila kuuliza swali la maana. Usiku wa pili, saa tisa, akatupa magogo mawili ya mkaratusi kwenye tanuru, na moto badala ya kunguruma ukazomea. Ulizomea kama kikaango chenye maji. Povu likatoka kwenye ncha ya gogo. Mzee akatazama saa ya mvuke ukutani, sindano ikashuka taratibu, naye akatikisa kichwa. "Hizi za nje hazifai," akasema. "Zinaoga mvua kila siku. Za bandani ndiyo kuni."

"Kwa nini hutumii za bandani?"

"Bandani pamefungwa. Ufunguo anao wa stoo. Anaondoka saa kumi na mbili."

Nakumbuka nilinyamaza kwa muda. Saa kumi na mbili tena, na mlango mwingine umefungwa.

Kwa hiyo tulikuwa na dhana: kuni zenye maji zinatumia joto lao kuchemsha maji yao wenyewe, mvuke unapungua nguvu, hewa ya draya inapoa, chai inatoka na unyevu. Mzee hakuwa na shaka hata kidogo. Lakini meneja alikuwa ameshachomwa mara moja na namba zilizoonekana za kweli, na sasa alitaka ushahidi. Alikuwa na haki.

Jaribio tulilipanga wote wanne kwa simu, na tulibishana hadi salio likaisha. Kijana wa Dar alitaka vipima joto kila mahali na miezi mitatu ya kurekodi. Mimi nilitaka wiki moja. Tukakubaliana usiku nane: minne kuni za bandani, minne kuni za nje. Ni usiku upi unapata kuni zipi tuliamua kwa kura, vikaratasi vinane ndani ya kofia ya Mzee, akachomoa mwenyewe. Na kila usiku, mara sita, tungebadilisha kasi ya kulisha draya, pole au haraka, nayo kwa kura, kwa sababu kijana wa draya aliniambia kwamba mvuke ukishuka yeye huwa anapunguza kasi kwa kuiba iba, na alitaka kujua kama anafanya vyema au anajidanganya. Meneja alikubali kwa sharti kwamba bechi yoyote itakayozidi kiwango irudishwe kukaushwa kabla ya kwenda kwenye chekeche. Hakuna chai mbaya iliyoondoka kwa sababu yetu.

Usiku nane, mara sita kila usiku: bechi 48. Nilipomaliza nilikaa na R, programu ya takwimu, kwenye kompyuta, nikaweka kuni, nikaweka kasi, nikabonyeza. Matokeo ya kuni yalikuwa na nguvu ya kutisha. Uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu ulikuwa na masifuri mengi baada ya nukta. Nikaandika ripoti kurasa tatu, na nilikuwa nimeshaandika anwani ya meneja, nikakumbuka ahadi yetu kwamba hakuna kinachotoka bila mwingine kukisoma. Nikaituma Nairobi kwanza.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. "Boila umeibadilisha mara ngapi?"

Mara nane.

"Basi kwa habari ya kuni una ushahidi wa usiku nane, si arobaini na nane. Bechi sita za usiku mmoja ni ndugu, zimekula moto mmoja. Ukiwauliza ndugu sita wa nyumba moja, umesikia nyumba moja."

Kosa hilo nalijua. Nimelifundisha. Ni jambo la mashambani tangu zamani: unalima kipande kikubwa kwa jembe moja maana huwezi kubadilisha trekta kila hatua mbili, kisha ndani yake unagawa vipande vidogo vya mbolea, na kila kimoja kina kipimo chake cha haki. Boila ilikuwa shamba kubwa, draya kishamba ndani yake. Nalijua, na bado saa saba usiku, nimechoka, namba zinanipendeza, nilipita juu yake. Kama ningekuwa peke yangu ripoti ile ingeondoka na uhakika ambao hatukuwa nao.

Tukaanza upya. Kila usiku tukaupa namba moja tu, wastani wa bechi zake sita. Namba nane. Tukazipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Minne ya chini yote ilikuwa ya kuni za bandani. Minne ya juu yote ya kuni za nje. Hakuna hata mmoja uliovuka upande wa pili.

Mwalimu alicheka kwenye simu hadi akakohoa. Katika vitu nane kuna njia 70 za kuchagua vinne. Kama kuni hazina maana yoyote, kofia ya Mzee ingeweza kutupa mpangilio huu kamili mara moja tu kati ya 70. "Unaijua hiyo 70?" akauliza. Naijua. Kila aliyesoma takwimu anaijua, na yenyewe pia ni habari ya chai. Huko Rothamsted, Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alisema anaweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Fisher akautumia mkasa huo kueleza, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, jaribio la vikombe nane: vinne hivi, vinne vile, mpangilio kwa kura. Anayebahatisha atavipatia vyote mara moja kati ya 70. Kwetu vikombe vilikuwa usiku mzima mzima, na mwonjaji alikuwa draya.

Moja kati ya 70 si ile namba yenye masifuri niliyokuwa nimeiandika. Ni ya kiasi, na ni ya kweli, kwa sababu imesimama juu ya kura iliyopigwa kwelikweli. Meneja alielewa mara moja nilipoweka vikaratasi vile vile vinane mezani kwake na kuvipanga. Ripoti ya kurasa tatu hakuiomba.

Na kijana wa draya? Swali lake lilipata jibu bora kuliko la kuni, maana kasi tuliilinganisha ndani ya usiku ule ule, ndugu kwa ndugu. Kuni zikiwa kavu, kasi haibadilishi kitu cha maana. Kuni zikiwa mbichi, kulisha pole pole kunaokoa sehemu kubwa ya kilichopotea. Alikuwa anafanya vyema. Miaka yote ile alikuwa anaiba kasi ili kuokoa chai, huku jina la zamu yake likizungushiwa nyekundu. Nilimwambia mbele ya meneja, kwa makusudi, kwa sauti.

Ufunguo wa banda sasa unabaki kwa msimamizi wa zamu. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, kuni za usiku zinasogezwa chini ya paa karibu na tanuru. Makopo ya biskuti yamepangwa kwenye rafu, yameandikwa kwa rangi nyeupe, na posho ya usiku ililipwa. Mzee wa boila alinunua daftari la kurasa 96 na anaandika kila usiku: kuni za mlango upi, zimekaa siku ngapi, sindano ilisimama wapi saa sita na saa tisa. Kila Jumamosi mjukuu wake anapiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi letu.

Jumamosi iliyopita chini ya ukurasa kulikuwa na mstari wa ziada, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: BINTI WA TAKWIMU, KUNI ZILIZOPASULIWA ZIKIKAA MIEZI 3 NA ZISIZOPASULIWA ZIKIKAA MIEZI 6, ZIPI KAVU? Dada wa Nairobi alijibu kabla yangu. Aliuliza banda lina nafasi ya marundo mangapi.